Patrice Lumumba: Karani wa Stanleyville ambaye ustaarabu wake ulipimwa hadi jikoni

Kabla hajawa Waziri Mkuu, na kabla jina lake halijabandikwa kwenye barabara za miji mingi ya Afrika, Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta mjini Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo. Mwezi Septemba 1954 alipata karatasi ambayo Wakongo wachache mno waliwahi kuishika mkononi: kadi ya immatriculation, iliyomwondoa katika sheria za wenyeji na kumweka chini ya sheria za Wazungu.

Ili karatasi hiyo itolewe, serikali ya Ubelgiji ilitaka kujua mengi juu ya mwombaji. Ilitaka kujua amesoma wapi, anafanya kazi gani, ana mke mmoja au wawili. Ilitaka pia kujua kama sahani za nyumbani kwake zinalingana.

Hili la sahani si mzaha. Wanahistoria wa Kongo wameeleza jinsi wakaguzi walivyoweza kuingia katika nyumba ya mwombaji bila taarifa. Waliangalia kama kila mtoto ana kitanda chake, kama watu wa nyumba hiyo wanakula kwa kisu na uma, kama choo ni kisafi, kama sahani ni za aina moja na ukubwa mmoja. Waliuliza kama mama anakaa mezani na mumewe na wageni, au anakula jikoni na watoto. Nyumba iliyosongamana vitu, yenye masufuria yaliyopangwa sakafuni na wageni kutoka kijijini wamelala kwenye mikeka, haikuwa na nafasi.

Kwa hiyo mtu aliyetaka kuhesabiwa kuwa raia wa maana alianza na kufagia jikoni.

Kijana wa Onalua

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, Katako-Kombe, eneo la Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kabila la Watetela. Alisoma kwa Waprotestanti wa Wembo Nyama na kwa Wakatoliki wa Tshumbe, lakini shule aliyopata haikuwa ndefu. Kilichobaki alijisomea mwenyewe, na wote waliomfahamu wanakubaliana kwamba alisoma kama mtu mwenye njaa.

Akiwa bado kijana aliondoka kwao. Alipita Maniema, akafanya kazi huko Kalima kwenye migodi ya bati, kisha mwaka 1944 akafika Stanleyville. Mji huo ulikuwa umejengwa kwenye maporomoko ya Mto Kongo, pale Wagenia wanapovua samaki kwa mitego mikubwa ya miti iliyosimikwa katikati ya maji. Meli zilizotoka Léopoldville ziliishia hapo. Watu walitoka pande zote kutafuta kazi, na Kiswahili kikakutana na Kilingala sokoni. Lumumba alizijua lugha zote mbili, juu ya Kitetela chake na Kifaransa.

Aliajiriwa kama karani wa serikali, akapelekwa Léopoldville kusomea kazi za posta, akafanya kazi Yangambi, kisha akarudi Stanleyville. Saa zake za jioni hazikuwa za kupumzika. Alijitolea katika maktaba ya mji, alisoma masomo kwa njia ya posta, alituma makala kwa magazeti kama La Croix du Congo na La Voix du Congolais. Aliongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa posta na mwaka 1955 akaanzisha jarida lao, L'Écho postal. Alikuwa pia rais wa chama cha wasomi wa Kiafrika wa mji huo. Mwaka 1952 na 1953 alimsaidia mtafiti Pierre Clément, aliyekuwa katika kundi lililochunguza maisha ya wakazi wa Stanleyville kwa ajili ya UNESCO. Ni vigumu kuona alikuwa akilala saa ngapi.

Watu wa namna hii Wabelgiji waliwaita évolué, yaani watu waliokwisha kuendelea. Jina hilo lilikuwa sifa, na papo hapo lilikuwa mtihani usioisha. Aliyeendelea alipaswa kuonyesha kila siku kwamba hajarudi nyuma.

Kadi mbili, mlango mmoja mwembamba

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wasomi wa Kongo walianza kudai nafasi yao. Walikuwa makarani, waalimu, wauguzi, wasaidizi wa mapadri. Walijua Kifaransa na walilipa kodi, lakini kisheria walikuwa sawa na mtu yeyote ambaye polisi angeweza kumzuia usiku kwa kukanyaga mtaa wa Wazungu, au kumchapa kiboko.

Jibu la kwanza la serikali lilikuja mwaka 1948: kadi ya sifa ya uraia, carte du mérite civique. Mwombaji alipaswa kujua kusoma, kuandika na kuhesabu, asiwe na wake wengi, asiwe mtu wa uchawi, na asiwe ametiwa hatiani mahakamani katika miaka ya karibuni. Jibu la pili lilikuja kwa amri ya tarehe 17 Mei 1952, iliyoweka immatriculation. Hii ndiyo ilikuwa kadi kubwa. Aliyeipata aliingia chini ya sheria za kiraia za Wazungu na mahakama zao. Ili aipate, alipaswa kuthibitisha kwa malezi yake na kwa namna anavyoishi kwamba amefikia ustaarabu unaostahili haki hizo.

Namna anavyoishi. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyofungua mlango wa jikoni. Cheti cha shule kinaweza kuonyeshwa ofisini, lakini namna ya kuishi inaonekana nyumbani, na hasa mahali ambapo mwenye nyumba hategemei mgeni kupita.

Matokeo yake yanajulikana. Hadi mwaka 1958, katika nchi yenye watu karibu milioni 14, waliopewa kadi ya sifa ya uraia walikuwa 1,557. Waliopata immatriculation walikuwa 217.

Fujo ya nani?

Inafaa kusimama kidogo hapa, kwa sababu neno fujo lina macho ya anayeliona.

Jiko la kawaida katika mitaa ya Waafrika ya Stanleyville halikuwa chumba cha ndani. Lilikuwa nyuma ya nyumba, uani, chini ya kibanda au hewani kabisa. Kulikuwa na mafiga matatu au mbabula, lile jiko la makaa linalobebeka. Kulikuwa na kinu na mchi, kwa sababu bila kinu hakuna pondu, yaani sombe, na hakuna lituma, ile ndizi inayopikwa na kupondwa ambayo mtu wa Kisangani akiwa mbali ndiyo anayoikumbuka kwanza. Kulikuwa na mafungu ya majani ya mangongo kwa kufungia kwanga na samaki wa liboke, chupa za mawese, kikapu cha samaki wakavu kilichoning'inizwa juu ya moshi ili wadudu wasimfikie, ndoo za maji, beseni, masufuria ya ukubwa mbalimbali yaliyofunikana, vigoda na mikeka.

Kwa mkaguzi aliyezoea jiko la Brussels, huu ulikuwa mrundikano. Kwa mama mwenye nyumba, kila kimoja kilikuwa na kazi na mahali pake. Kikapu kilikuwa juu ya moshi kwa sababu ya wadudu. Moto ulikuwa nje kwa sababu ya joto na kwa sababu ya paa. Sufuria kubwa kupita mahitaji ya watu watano ilikuwepo kwa sababu watu watano hawakuwa wakila peke yao: ndugu wa mume angeweza kushuka melini wakati wowote, na msiba au arusi ya jirani ilihitaji vyombo vya kuazimana.

Na sahani? Sahani hazikulingana kwa sababu hazikununuliwa pamoja. Moja ilikuja kwa zawadi ya ndoa, nyingine ilinunuliwa kwa mchuuzi mwezi wenye nafuu. Zaidi ya hapo, chakula kingi kililiwa kwa mikono katika chombo kimoja, wanaume kwao na wanawake na watoto kwao. Katika mlo wa namna hiyo, seti ya sahani 6 zinazofanana haina kazi ya kufanya.

Hapo ndipo penye kichekesho chenye uchungu. Nyumba iliyotakiwa na kamati haikuwa na vitu vichache. Ilikuwa na vitu vingine. Ukitoa mkeka, lazima uweke kitanda, na si kimoja bali kwa kila mtoto. Ukitoa chombo kimoja cha kulia, lazima ununue sahani, visu, uma na vijiko. Sahani zinahitaji kabati, kabati linahitaji ukuta wa sebuleni, sebule inahitaji meza, meza inahitaji kitambaa na viti. Kupunguza fujo kulimaanisha kununua, na kununua kulifanywa kwa mshahara wa karani wa Kiafrika.

Na kulikuwa na upunguzaji mwingine, ule wa watu. Mwombaji alitarajiwa kuishi na mke mmoja na watoto wake, kama familia ya picha ukutani. Binamu anayetafuta kazi, shangazi aliyekuja kutibiwa, mpwa anayesoma mjini, wote hao walionekana kama mzigo uliobaki kutoka kijijini. Lakini kwa mtu wa Sankuru aliyefika Stanleyville bila kitu, ndugu na watu wa kwao ndio waliompa pa kulala siku ya kwanza. Kuwafungia mlango baada ya kupata kazi ni jambo ambalo watu hawalisahau.

Mafunzo ya kuwa mke wa msomi

Serikali na wamisheni hawakuacha mambo haya yatokee yenyewe. Katika miji mikubwa ya Kongo kulikuwa na vituo vilivyoitwa foyers sociaux, ambako wanawake wa Kiafrika walifundishwa na Wazungu wa kike kupika, kushona, kupiga pasi, kuosha watoto na kupanga nyumba. Walimu hao walitembelea pia wanafunzi wao majumbani kuona kama mafunzo yanafuatwa.

Wanaume wasomi wengi waliyaunga mkono. Antoine-Roger Bolamba, mhariri wa La Voix du Congolais, alichapisha kitabu mwaka 1949 juu ya maendeleo ya mwanamke wa Kiafrika. Malalamiko yalikuwa yaleyale kila mahali: mume ameendelea, mke amebaki. Mume anasoma gazeti, mke hajui Kifaransa. Mgeni Mzungu akija, mke anakimbilia jikoni. Wachache kati ya waandishi hao walijiuliza kama wasichana walipewa shule ile ile waliyopewa wavulana. Hawakupewa. Elimu ya wasichana katika Kongo ya Ubelgiji ilikuwa nyuma sana, na ilielekezwa zaidi kwenye kazi za nyumbani.

Lumumba naye aliandika juu ya suala hili. Katika kitabu chake cha pekee, alitetea elimu ya wanawake na akaeleza shida za ndoa kati ya mume aliyesoma na mke asiyesoma. Alikuwa akilijua jambo hilo kwa karibu. Ndoa zake mbili za kwanza zilivunjika. Mwaka 1951 alimwoa Pauline Opango, binti wa upande wa kwao Wembo Nyama, ambaye alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Pauline hakuwa na masomo ya Kifaransa na hakulelewa kuwa mwenyeji wa sebule yenye kitambaa cha meza.

Mahusiano yao hayakuwa mepesi, na waandishi wa maisha ya Lumumba hawakuficha hilo. Alikuwa mume asiyekaa nyumbani, aliyependa wanawake wengine waliosoma, na aliyetaka mke wake awe mtu mwingine. Hata hivyo, hesabu ya kadi ni rahisi kufanya. Kadi ilibeba jina la mume. Jikoni, mahali palipopimwa, kazi ilikuwa ya mke.

Kadi isiyolipa

Kwa miezi michache baada ya kupata immatriculation, Lumumba alionekana kama mfano ambao serikali ingependa kuuonyesha. Mwaka 1955, Mfalme Baudouin alipotembelea Kongo na kufika Stanleyville, karani huyo wa posta alipata nafasi ya kuzungumza naye. Mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa Wakongo waliopelekwa Ubelgiji kwa ziara ya mafunzo, kwa mwaliko wa waziri wa makoloni Auguste Buisseret. Katika maandishi yake ya wakati huo bado alizungumzia jumuiya ya Wabelgiji na Wakongo, na alitaka mabadiliko ya polepole yanayowapa wasomi haki za kweli.

Lakini haki za kweli ndizo hazikuja. Kadi haikubadilisha mshahara. Mzungu na Mwafrika wenye kazi inayofanana waliendelea kulipwa kwa mizani tofauti, na mkahawa wa Wazungu uliendelea kuwa mkahawa wa Wazungu. Aliyepewa kadi alitakiwa kuvaa, kula, kulala na kukaribisha wageni kama Mzungu, kwa pesa ya Mwafrika.

Julai 1956, mara baada ya kurudi kutoka Ubelgiji, alikamatwa. Alishtakiwa kwa kuchukua zaidi ya faranga 100,000 za idara ya hundi za posta alikofanya kazi. Mwaka 1957 alihukumiwa kifungo cha miaka 2, baadaye kikapunguzwa, na Septemba mwaka huo akawa huru.

Kosa hilo limezungumzwa kwa namna nyingi. Maadui zake walilitumia hadi mwisho wa maisha yake kumwita mwizi. Wengine wamelieleza kwa gharama za maisha ambayo évolué alilazimishwa kuyaishi. Maelezo hayo hayafuti kosa, fedha zilikuwa za watu. Lakini mtu akipiga hesabu ya vitanda, viti, suti, vitabu, sahani na vinywaji vya wageni, kisha akaweka pembeni mshahara wa karani wa Kiafrika wa mwaka 1955, hesabu haifungi.

Gerezani Stanleyville aliandika muswada wa kitabu alichokusudia kichapishwe Brussels. Kilitoka mwaka 1961, baada ya kifo chake, kwa jina la Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé? Msomaji anayemjua Lumumba wa baadaye hushangaa akikisoma: ni kitabu cha mtu mwenye adabu kwa Ubelgiji, anayeomba, anayeshauri. Miongoni mwa yanayomkera ni hili la immatriculation, mlango unaopitisha watu kwa kuhesabu huku mamilioni wamesimama nje.

Baada ya hapo hakuomba tena kwa namna hiyo.

Stanleyville yenyewe yageuka

Alipotoka gerezani alihamia Léopoldville, akawa muuzaji wa bia ya Polar. Kazi hiyo ilimpeleka kila baa na kila mtaa, na huko alijifunza kusema na watu wasio na kadi yoyote. Oktoba 1958 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Mouvement National Congolais, MNC. Desemba mwaka huo alikwenda Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika ulioitishwa chini ya Kwame Nkrumah, na aliporudi lugha yake ilikuwa imebadilika: uhuru, sasa.

Stanleyville ikawa ngome yake. Walewale ambao kamati haikuwahi kufikiria kuwakagua, wachuuzi, wavuvi, vibarua na wake zao, ndio waliojaza mikutano. Mwishoni mwa Oktoba 1959, mkutano wa MNC mjini humo uliishia katika ghasia na watu kadhaa waliuawa. Lumumba alikamatwa tena, akahukumiwa Januari 1960 kifungo cha miezi 6, lakini hakukimaliza: wajumbe wa Kongo waliokutana Brussels kujadili uhuru walidai awepo, akatolewa gerezani na kupandishwa ndege. Mei chama chake kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote. Tarehe 30 Juni 1960 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru.

Hotuba yake ya siku hiyo mbele ya Mfalme Baudouin imesimuliwa mara nyingi kwa sababu ya ukali wake. Kilichosahaulika mara kwa mara ni kwamba ndani yake, pamoja na viboko na kazi za kulazimishwa, alizungumzia nyumba. Aliwakumbusha waliohudhuria jinsi mijini Wazungu walivyokaa katika majumba mazuri huku Waafrika wakiwa katika vibanda vinavyobomoka. Miaka 6 kabla ya hapo, maofisa wa serikali ya mfalme huyo ndio walioamua ni Mwafrika gani nyumba yake inatosha.

Mto Sankuru

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Jeshi liliasi, Katanga ikajitenga chini ya Moïse Tshombe, na tarehe 5 Septemba Rais Joseph Kasa-Vubu akatangaza kumwondoa Lumumba madarakani. Siku chache baadaye Kanali Joseph-Désiré Mobutu akatwaa mamlaka. Lumumba alibaki amezingirwa katika makazi yake Léopoldville: askari wa Umoja wa Mataifa ndani ya duara, askari wa Mobutu nje yake. Watoto wake wakubwa walipelekwa Misri.

Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960 alitoroka. Alikuwa akielekea Stanleyville, ambako wafuasi wake walikuwa wakimngoja, na ambako Antoine Gizenga aliunda serikali yake mwezi uliofuata. Njiani watu walimsimamisha kila mahali, naye alihutubia, na muda ukapotea. Walipofika Mto Sankuru, kwenye kivuko cha Lodi, Lumumba na baadhi ya wenzake walivuka kwanza. Pauline na mtoto wao mdogo Roland walibaki ng'ambo nyingine. Askari walipotokea upande ule, Lumumba alirudi. Wenzake walikuwa wamemsihi asirudi.

Katika maisha ya mtu ambaye wengi wamemlaumu kwa alivyomtendea mkewe, tukio hili haliruki machoni. Alikuwa amekwisha kuvuka.

Alirudishwa Léopoldville amefungwa kamba, akawekwa katika kambi ya jeshi ya Thysville, na tarehe 17 Januari 1961 akasafirishwa kwa ndege hadi Élisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku uleule wote watatu walipigwa risasi mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Miili yao iliharibiwa kwa tindikali. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Pauline alikuwa na miaka 24. Mwezi Februari, habari za kifo zilipotangazwa, alitembea katika mitaa ya Léopoldville kudai mwili wa mumewe, kifua wazi na nywele zimenyolewa, kama mwanamke wa kwao anavyoomboleza. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Mke aliyetakiwa kukaa mezani na kushika uma alipita mbele ya wapiga picha wa mashirika ya habari akiwa mjane wa Sankuru, bila kuomba kibali cha mtu.

Stanleyville ilibadilishwa jina na kuwa Kisangani mwaka 1966. Pauline Opango alifariki mjini Kinshasa Desemba 2014, akiwa bado hajapata kaburi la kuweka maua. Juni 2022, Ubelgiji ilirudisha kwa familia jino moja, kitu pekee kilichobaki, ambalo afisa wa polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kuharibu miili alikuwa amelichukua na kulihifadhi kwao Ubelgiji kwa miaka mingi. Jeneza lilipelekwa Onalua, kisha Kisangani, kisha Katanga, na likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Kisangani watu walisimama kandokando ya barabara kulingoja.